Kutoka Sori hadi Lenana: Baridi Inayopimwa kwa Mita

Alfajiri ya Januari, saa kumi na mbili kamili, kipimajoto kikiwekwa ufuoni Sori, kwenye Ghuba ya Karungu, kitaonyesha nyuzi 17 au 18. Kingine kikiwekwa saa hiyohiyo kwenye kilele cha Lenana, Mlima Kenya, kitaonyesha nyuzi kadhaa chini ya sifuri, na maji ya chupani yatakuwa yameanza kuganda. Nchi ni moja. Sori na Lenana zote ziko kusini mwa ikweta kwa chini ya digrii moja, na jua likishachomoza mlimani, ufuo wa Karungu hulisubiri kwa takriban robo saa tu. Kinachozitenganisha ni kimo: Sori iko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, Lenana iko mita 4,985.

Mkazi wa kandokando ya ziwa, awe wa Sori, Muhuru, Sindo au Mbita, amezoea kuifikiria baridi kwa kalenda na kwa majina ya miji. Baridi ni Julai. Baridi ni Nairobi, ni Limuru, ni Eldoret aliko binamu anayesoma. Kwa hiyo kijana wa Sori akialikwa na wenzake wa kazini kupanda Mlima Kenya mwezi wa Januari, hutazama kalenda, akaona ni kiangazi, akatia sweta moja begini na kupanda gari. Kuhusu mvua, kalenda imemwambia kweli, kwa sababu Januari na Februari ni miongoni mwa miezi mikavu kabisa mlimani. Kuhusu baridi, haina la kumwambia. Baridi ya Afrika Mashariki hufuata vitu vitatu: mita, maji na saa. Anayevijua hivyo vitatu anaweza kupanga begi lake akiwa bado Sori, bila kubahatisha.

Mita kwanza. Hewa ya bondeni imebanwa na uzito wa hewa yote iliyo juu yake. Inapopanda, mbano hulegea, hewa hutanuka, na ikitanuka hupoa. Kwa wastani joto hushuka nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000. Kutoka Sori hadi Lenana ni karibu mita 3,850, yaani nyuzi 25 za kupungua. Ukitoa 25 kwenye 17 za alfajiri ya Sori, unabaki na 8 chini ya sifuri, na hakuna mwongozaji wa Mlima Kenya atakayeshangazwa na jibu hilo. Hesabu ya mchana ni hiyohiyo: nyuzi 30 za Sori saa nane, ukitoa 25, zinabaki 5, na hapo upepo haujahesabiwa.

Ziwa nalo lina mkono wake. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na maji yake ya juu huwa na nyuzi 24 hadi 26 karibu mwaka mzima. Maji mengi kiasi hicho hupokea joto la mchana na kulirudisha polepole usiku, na unyevu ulio hewani huzuia joto la ardhi lisitoroke upesi angani. Ndiyo maana mtu wa Karungu hulala na shuka moja mwezi wowote ule, na ndiyo maana mwili wake haujapata nafasi ya kujifunza baridi ya kweli.

Kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta ni jambo lililowahi kuwashinda hata wasomi. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona Kilimanjaro ukiwa na kilele cheupe, na mwaka uliofuata mwenzake Johann Ludwig Krapf, akiwa Ukambani, akauona Mlima Kenya. Habari zilipofika Ulaya, mwanajiografia William Desborough Cooley wa London, ambaye hakuwa amekanyaga huku, alizipinga waziwazi. Wachaga, Wakikuyu, Waembu, Wameru na Wamaasai walikuwa wameishi chini ya weupe huo vizazi na vizazi. Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kwenye kilele cha Kibo, mita 5,895.

Siku hizi mtu hahitaji kuamini maneno ya mmisionari wala ya mwanajiografia. Nauli ya matatu inatosha.

Gari linapotoka Sori kupitia Ndhiwa hadi Rodi Kopany, abiria wako na mikono mifupi na madirisha yote yamefunguliwa. Baada ya Rongo barabara huanza kupanda. Mtama na mihogo hubaki nyuma, migomba na chai hujitokeza, na hewa inayoingia dirishani hubadilika. Mji wa Kisii uko kwenye mita 1,700 hivi, na hapo mvua ya mwaka huizidi ya ufuoni kwa mbali. Sababu ni ziwa hilohilo. Mchana ardhi hupata moto kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu ukiwa umebeba unyevu. Ukifika kwenye milima ya Kisii, Kericho na Nandi hukutana na pepo zinazotoka mashariki, hulazimika kupanda, na ifikapo saa nane au tisa mawingu meusi yamejaa. Kericho na Nandi zinatajwa miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa mno na mvua ya mawe. Barafu inayoharibu majani chai ya Kericho inaanza safari yake kama mvuke juu ya maji ambayo watoto wa Sori wanayaogelea.

Kericho ina funzo jingine pia. Januari 2012, katikati ya kiangazi, jalidi iliunguza mashamba ya chai ya Kericho na Nandi. Wengi walishangaa, kwani si mwezi wa baridi. Lakini kiangazi ndicho chenye anga safi. Usiku usipokuwa na wingu, joto la ardhi hupaa moja kwa moja, na kufikia alfajiri majani yamefunikwa na jalidi nyeupe. Wakulima wa viazi wa Kinangop wanalijua hilo vizuri: usiku wenye nyota nyingi ndio unaowanyima usingizi. Mpanda mlima wa Januari anapaswa kulijua pia. Ukavu unaompa njia nzuri na mandhari ya wazi mchana ndio huohuo unaompa usiku mkali zaidi.

Kutoka Kericho gari huteremka Nakuru, hupanda tena hadi Nyahururu kwenye mita 2,360 hivi, kisha hukata kwenda Nanyuki, mji uliokaa karibu na mstari wa ikweta kwenye mita 1,950 hivi. Lango la Sirimon la Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya liko kwenye mita 2,650. Mtu wa Sori akifika hapo amekwishapanda mita 1,500 akiwa amekaa kitini, na nyuzi 10 zimemtoka bila yeye kupiga hatua.

Ndani ya hifadhi, saa inachukua usukani. Huko Ulaya baridi na joto huachana kwa miezi. Mtu wa Oslo hutoa koti Oktoba na kulirudisha kabatini Aprili. Juu ya mita 4,000 za Mlima Kenya baridi na joto hukutana katika siku moja. Saa tano asubuhi jua huchoma hadi ngozi ya pua ikabambuka, kwa sababu hewa nyembamba haizuii miale. Wingu likipita mbele ya jua, dakika tano baadaye mtu anatafuta jaketi. Usiku udongo wenyewe huganda, na asubuhi vijiti vya barafu huchomoza ardhini na kuvunjika chini ya viatu.

Mimea ya huko imejipanga kwa ratiba hiyo. Ule mti wa ajabu wenye kichwa cha majani mapana, ambao wataalamu huuita *Dendrosenecio*, haudondoshi majani yake makavu. Huyaacha yaning'inie kulizunguka shina lote kama koti la manyoya, na usiku majani mabichi ya juu hujikunja kulifunika chipukizi la katikati. Lobelia mojawapo ya bonde la Teleki, mlimani humohumo, huhifadhi maji katikati ya majani yake. Usiku maji hayo huganda juu tu, na chini ya barafu hiyo chipukizi hubaki salama. Mwanafunzi anayepita hapo kwa mara ya kwanza anaweza kusimama dakika mbili akitazama shina moja, atie kidole kati ya yale majani makavu, na ahisi mwenyewe kwamba ndani hakuna upepo.

Milima ya ukanda huu haina baridi ya namna moja. Kilimanjaro umesimama peke yake, na karibu na kilele mvua na theluji ni haba. Baridi yake ni kavu, ya upepo, na wengi hukutana nayo gizani kwa kuwa safari ya mwisho huanza karibu na saa sita ya usiku. Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, una kilele cha Margherita chenye mita 5,109, lakini sifa yake kubwa ni maji: mvua, ukungu na vinamasi, hata wapandaji hutembea na gambuti sehemu kubwa ya njia. Elgon, ambao upande wake wa Kenya una kilele cha Koitobos chenye mita 4,222, una mteremko mpole na ukungu wa mchana. Nyandarua ni milima ya chini kuliko hiyo, Satima ikifikia mita 4,000 hivi, na kwa sababu iko karibu na Nairobi watu huipanda kwa safari ya siku moja wakiwa na nguo za jogingi. Huko mvua na ukungu humkuta mtu mbali na gari, na umbali huo ndio unaoleta balaa.

Hapo ndipo maji yanapoingia, na kwa jambo hili mtu wa Sori ana walimu nyumbani. Wavuvi wa omena wa Karungu hutoka usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, na taa zao juu ya maji. Mchana wake kulikuwa na nyuzi 30, lakini atakayewatazama wakisukuma mashua atawaona wamevaa majaketi mazito ya mitumba, kofia za sufu na suruali za nailoni juu ya nyingine. Hawajakosea. Usiku upepo hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda ziwani, nyavu zinapovutwa maji humwagika mapajani, na mtu aliyelowa akipigwa na upepo hutetemeka meno yakigongana hata hewa ikiwa na nyuzi 19. Maji huondoa joto mwilini mara 25 hivi kuliko hewa tulivu yenye joto hilohilo. Upepo nao hupeperusha ile tabaka nyembamba ya hewa vuguvugu iliyokumbatia ngozi.

Kwa hiyo theluji si sharti la mtu kuzidiwa na baridi. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35, hatari imeshaingia, na hilo linaweza kutokea kwenye mvua ya nyuzi 8 au 10 kwa mtu aliyechoka na asiyekula. Fulana ya pamba ndiyo msaliti mkuu. Pamba hufyonza jasho la kupanda, hulishika, na mtu akisimama kupumzika huanza kuvaa maji baridi. Suruali ya jinzi ni mbaya zaidi, maana ikilowa huwa nzito na haikauki hadi safari iishe.

Dawa yake haihitaji duka la kifahari. Mwaka 1943, mateka Waitalia watatu waliokuwa kambini Nanyuki, wakiongozwa na Felice Benuzzi, walitoroka kwa lengo moja la kupanda Mlima Kenya, kisha warudi wenyewe kambini. Kwa miezi walikuwa wamejitayarisha kwa takataka za kambi: mashoka ya barafu waliyatengeneza kwa nyundo, meno ya chuma ya kuvaa chini ya viatu kwa mabati ya jalala, kamba kwa mkonge wa vitanda, na nguo za baridi kwa mablanketi. Ramani hawakuwa nayo. Waliufuata mchoro wa mlima uliokuwa kwenye lebo ya kopo la nyama. Batian, kilele cha mita 5,199, kiliwashinda, lakini bendera yao waliiacha Lenana mwezi wa Februari. Safari ya siku 18 ilisimama juu ya maandalizi ya miezi, na njaa ndiyo iliyowatesa kuliko kitu kingine.

Mitumba ya Sori, Migori au Homa Bay, na zaidi soko la Kibuye kule Kisumu, ina kila kitu ambacho Benuzzi alikikosa. Kinachotakiwa ni jicho. Mnunuzi asidanganywe na unene wa nguo. Aigeuze kola na kusoma lebo. Ikiwa ni poliesta au sufu, aiweke upande. Ikiwa ni pamba tupu, airudishe kwenye lundo hata ikiwa nzuri namna gani. Akifika nyumbani afanye jaribio dogo: achovye majini fulana ya pamba na ile ya poliesta, azikamue kwa nguvu sawa, azianike kivulini, kisha azirudie baada ya saa moja. Atakachokigusa kitamfundisha kuliko maneno mengi.

Nguo za mlimani huvaliwa kwa tabaka, na kila tabaka lina kazi yake. Ya ndani inagusa ngozi na kutoa jasho: fulana ya mikono mirefu ya poliesta na suruali ya kubana. Ya kati inahifadhi joto: sweta la sufu au jaketi laini la manyoya, na kwa saa za usiku jaketi lililojazwa. Ya nje inazuia mvua na upepo: koti la mvua lenye kofia na suruali yake. Koti hilo lijaribiwe chini ya bomba kabla ya safari, kwani mengi ya mitumba yamekwisha utando wa ndani na huvuja mabegani. Juu ya hayo kuna kofia ya sufu, ile vijana wanayoiita marvin, glavu jozi mbili kwa kuwa jozi moja hulowa, na soksi za kutosha kuacha jozi moja ya kulalia ambayo haitaguswa mchana kamwe. Viatu viwe vimeshatembelewa, si vipya vya jana.

Begi nalo lina mtego wake wa sheria. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa za Kenya, na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchi nzima tangu Agosti 2017. Kwa hiyo nguo kavu zitiwe kwenye mfuko wa kudumu usiopenyeza maji, na maji yabebwe kwenye chupa ya chuma. Usiku chupa ilazwe kichwa chini, kwa sababu barafu huanza juu. Ikiwa imegeuzwa, alfajiri mdomo utakuwa bado wazi. Simu na betri za tochi zilale ndani ya mfuko wa kulalia pamoja na mwenyewe, maana baridi huzimaliza chaji kabla ya kilele. Asiye na mfuko wa kulalia wala jaketi zito ataweza kukodi Nanyuki au Naro Moru, ila avikague zipu kwanza.

Mwili nao unataka kuni. Aliyetembea saa saba kwenye baridi anahitaji kula kuliko alivyozoea, na mara nyingi kimo humwondolea hamu. Njugu karanga, viazi vitamu vya kuchemsha, chapati na chai yenye sukari nyingi vina manufaa kuliko biskuti. Chang'aa na pombe nyingine ziachwe bondeni. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, damu ya moto hukimbilia nje, mtu huhisi amepashwa ilhali joto la ndani linatoroka. Jiko la makaa lisiingizwe kamwe ndani ya hema au chumba kilichofungwa, awe mtu yuko mlimani au amelala kwa jamaa Molo: gesi yake ya kaboni monoksaidi haina harufu, na mtu huchukuliwa akiwa usingizini.

Dalili za kuzidiwa na baridi huanza kidogo kidogo. Mtu anajikwaa mahali pasipo na jiwe, ulimi unakuwa mzito, anakasirika bila sababu, vidole vinashindwa na zipu. Kila mmoja afunge na kufungua zipu ya koti lake wakati wa mapumziko, na anayeshindwa asiendelee. Huyo atolewe kwenye upepo, avuliwe nguo zilizolowa, avalishwe kavu, aingizwe kwenye mfuko wa kulalia, na kama anaweza kumeza apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Asisuguliwe miguu na mikono. Anayeacha kutetemeka bila kupata joto amefika pabaya, na kuteremshwa kwake kusingojee asubuhi.

Kuna mambo mawili ambayo mtu wa kandokando ya ziwa, wa Nyatike au Suba, anahitaji kuyajua. Kichwa kikimuuma, mwili ukawa mnyonge na kichefuchefu kikamjia, fikira ya kwanza ya mtu wa ziwa ni malaria. Kwenye mita 3,500 au 4,000 dalili hizohizo ni za ugonjwa wa kimo, unaotokana na uhaba wa oksijeni. Kwenye mita 5,000 mgandamizo wa hewa umebaki takriban nusu ya ule wa baharini. Akimeza vidonge vya malaria na kuendelea kupanda, anaweza kuingiwa na maji mapafuni au uvimbe kwenye ubongo, na vyote viwili huua. Kanuni ni kwamba kichwa kinachouma juu ya mita 2,500 kihesabiwe ni cha kimo hadi ithibitike vinginevyo. Asipande, na akizidiwa ateremke. Akishafika chini apimwe malaria pia, kwani anaweza kuwa alitoka nayo nyumbani.

La pili linahusu sikoseli, au selimundu kama wanavyoiita Tanzania. Chembe za urithi za ugonjwa huo zimeenea kandokando ya ziwa kwa sababu ya malaria yenyewe: mwenye chembe moja alikingwa kwa kiasi na malaria kali, akaishi, akazaa. Baridi, kiu na uhaba wa oksijeni, vyote vitatu vilivyojaa mlimani, vinaweza kumletea mgonjwa wa sikoseli maumivu makali. Hata mwenye chembe moja tu, ambaye hajawahi kuugua, anaweza kupata taabu ya bandama kwenye vimo vikubwa. Asiyejua hali yake apime na azungumze na daktari kabla ya kulipa nauli ya Nanyuki.

Mazoezi yapo karibu. Milima ya Gwassi, mabaki ya volkeno ya kale ya Kisingiri, inaonekana kutoka barabara ya Magunga, na vilele vyake hupita mita 2,200. Hapo tofauti na ufuo ni nyuzi 7, si nyingi, lakini Novemba, wakati wa mvua za vuli, mteremko wake una utelezi, ukungu na upepo wa kutosha kulijaribu koti, viatu na tabia za wenzako. Kundi linalokusudia Mlima Kenya wa Januari au Februari lipande Gwassi mara mbili tatu likiwa na mizigo kamili, litoke kabla ya mapambazuko, na mvua ikinyesha lisikimbie. Anayetaka hatua ya kati apitie Kitale, apande Elgon.

Kisha ipangwe ratiba yenye nafasi. Kosa kubwa ni kusafiri usiku kutoka Homa Bay na kuanza kupanda asubuhi hiyohiyo. Usiku mmoja ulalwe Nanyuki. Wa pili kambi ya Old Moses, mita 3,300. Wa tatu palepale Old Moses, baada ya kupanda mchana na kurudi, ili damu ianze kuzoea. Wa nne kambi ya Shipton, mita 4,200 hivi. Saa tisa usiku kundi linaondoka kuelekea Lenana na tochi za kichwani, koti la kati likiwa wazi kidogo kwenye mteremko ili jasho lisikusanyike, na jaketi zito likiwa juu kabisa ya begi, mahali ambapo mkono wenye glavu unalifikia bila kupekua. Linavaliwa mara tu watu wanaposimama, kabla baridi haijaingia. Picha za Lenana zikishapigwa, hakuna sababu ya kukaa pale zaidi ya robo saa. Uji wa moto uko Shipton saa tatu asubuhi, na kutoka hapo hadi Old Moses ni mwendo wa saa tano hivi kuteremka, jua likiwa kali, kofia ya ukingo mpana na mafuta ya kukinga ngozi vikiwa vimechukua zamu ya marvin na glavu.